Hesabu za hewa: Kutoka jukwaa la Ngomeni hadi matangi ya Shimanzi

NGOMENI na Shimanzi ni maeneo mawili ya Pwani ambayo hayatajwi kwa pamoja mara nyingi. La kwanza, katika Kaunti ya Kilifi, linajulikana kwa setilaiti zilizorushwa kutoka bahari yake. La pili, katika kisiwa cha Mombasa, linajulikana kwa matangi ya mafuta, maghala na reli. Hata hivyo, elimu iliyoipa sifa Ngomeni ndiyo inayohitajika kuilinda Shimanzi.

Elimu hiyo ni ya mwenendo wa hewa. Aliyeileta katika pwani ya Kenya ni Mwitaliano, Profesa Luigi Broglio (1911-2001), aliyeongoza taasisi ya uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma. Mnamo Aprili 26, 1967, kikosi chake kilirusha setilaiti ya San Marco 2 kwa roketi ya Kimarekani. Ndani yake mlikuwa na mizani aliyoibuni mwenyewe: gamba jepesi la nje liliunganishwa na kiini kizito kwa vipande vinavyonyumbuka. Hewa hafifu ya juu ilipolisukuma gamba hilo, msogeo wake ulipimwa, na kutokana nao ukajulikana msongamano wa hewa.

Urushaji wa setilaiti ulikoma mwaka 1988. Kenya ilikuwa imetoa bahari na nafasi yake karibu na Ikweta, lakini utaalamu wa hesabu ulibaki zaidi Roma. Mkataba wa mwaka 2016 baina ya nchi hizo mbili uligusia mafunzo, na Kenya imekwisha kuwa na setilaiti zake: 1KUNS-PF ya mwaka 2018 na Taifa-1 ya mwaka 2023. Hatua hizo ni za kupongezwa. Lakini macho ya taifa yameelekezwa juu, ilhali hewa inayoweza kumdhuru mwananchi iko chini, kimo cha mtu.

Siku hizi watafiti wa ndege huigawa hewa katika vyumba vidogo mamilioni ndani ya kompyuta. Kisha hutatua, chumba baada ya chumba, milinganyo iliyoachwa katika karne ya 19 na Mfaransa Navier na Mwairishi Stokes. Milinganyo hiyo haibagui. Hutumika kwa bawa la ndege kama inavyotumika kwa ukuta wa tangi.

Uingereza ililijua hilo kwa gharama kubwa. Alfajiri ya Desemba 11, 2005, tangi moja la petroli katika ghala la Buncefield lilifurika baada ya kipimo chake kukwama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, na upepo ulikuwa umetulia. Basi ukungu ukatambaa ardhini, ukalipuka na kujeruhi watu 43. Ilikuwa Jumapili, na hakuna aliyekufa. Nguvu ya mlipuko huo iliwashangaza wataalamu, nao wakategemea hesabu za kompyuta kuueleza.

Mabaharia wa Mombasa wanazijua Kusi na Kaskazi, na pia tanga mbili, kipindi cha katikati ambapo upepo hulegea na kugeuka ovyo. Kwa mtu wa jahazi huo ni msimu wa usumbufu. Kwa jirani wa matangi, kama Buncefield ilivyoonyesha, utulivu wa hewa ndio wa kuogopwa. Mtaa wa Makande hauko mbali na Shimanzi. Ikumbukwe pia kwamba mafuta yaliyovuja Sinai, Nairobi, Septemba 12, 2011, yaliua watu zaidi ya 100.

Kisingizio cha gharama hakina uzito. Programu ya OpenFOAM, inayofanya hesabu hizi, imetolewa bure tangu mwaka 2004, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, kisiwani humo humo. Kinachotakiwa ni vijana waliofunzwa, kompyuta za kutosha na takwimu sahihi za upepo na matangi.

Hesabu haizibi tundu la bomba. Hiyo ni kazi ya vali, vipimo na wakaguzi. Lakini huonyesha mvuke utaelekea wapi, nyumba zipi zihamwe kwanza na watu wakimbilie upande gani. Iwapo hesabu hizo zimekwisha kufanywa, wakazi wana haki ya kuonyeshwa matokeo. Iwapo bado, serikali ya kaunti, bandari na kampuni za mafuta zinapaswa kuanza sasa. Tahadhari ni kabla ya hatari.