Mchoro wa Mwanamke wa Kimbuti Una Mwenyewe

Wanawake wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ni wachoraji. Mwanamume huambua gome la ndani la mti wa jamii ya mkuyu, akalilowesha na kulitwanga kwa nyundo ya pembe ya ndovu au ya mti mgumu hadi lilainike. Kazi yake huishia hapo. Mwanamke hukamua tunda la gadenia, huchanganya maji yake na unga wa makaa kupata weusi, kisha huchora kwa kidole au kijiti. Mistari hukatika ghafla, mraba huanza usimalizike, na sehemu kubwa ya gome huachwa tupu kwa makusudi. Nguo hizo zilifungwa kiunoni, zikavaliwa pia katika elima, sherehe ya wasichana waliovunja ungo.

Bukavu, kama kwingineko Kivu, si ajabu kusikia kwamba hizo ni kazi za "mbilikimo": mila ya kabila zima, isiyo na mtunzi. Imani hiyo haina msingi. Nguo kadhaa za eneo moja zikitandikwa pamoja, mikono iliyozichora hutofautiana waziwazi: huyu hujaza gome kwa vijistari vifupi, yule hutupa mistari michache mirefu na kuacha nafasi ipumue. Huo ni uamuzi wa mtu, tena mtu mwenye jicho kali.

Majina yalipotelea njiani. Anne Eisner, mchoraji Mmarekani aliyeishi Epulu, msituni Ituri, miaka ya 1940 na 1950, alikusanya nguo hizi na kujifunza kwazo. Yeye anajulikana kwa jina. Wengi wa wanawake waliochora nguo hizo hawajulikani, na katika makumbusho mengi kibandiko hutaja kabila na eneo tu. Aliyekusanya hakuuliza jina, au aliuliza asiandike. Baadaye ukimya huo ukageuzwa kuwa ushahidi kwamba jina halikuwapo.

Wanaotetea imani hii husema kazi ya jamii haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Wapitjantjatjara wa jangwa la Australia wanawakanusha. Kituo chao cha sanaa cha Ernabella kipo tangu 1948. Wingu Tingima, aliyefariki 2010, alichora hadithi ya Dada Saba, urithi wa mababu ambao hakuna mtu mmoja awezaye kudai kuwa aliutunga, na bado picha zake hujulikana kwa jina lake. Sheria ya Australia ya 2009 humpa msanii, au warithi wake, asilimia 5 ya bei picha inapouzwa tena kwa dola 1,000 za Australia au zaidi. Bila jina, haki hiyo haina wa kumfikia.

Kwa Kivu Kusini kufutwa huku kwa wenyewe kuko jirani. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970 na kupanuliwa 1975, na Watwa, wenyeji wake, wakaondolewa katika msitu uliohesabiwa kuwa hauna mwenyewe. Vyungu vya wanawake wa Kitwa navyo huuzwa bila jina la mfinyanzi. Sheria ya Kongo ya Julai 15, 2022 inalinda haki za Wambuti na Watwa, utamaduni wao ukiwamo. Mfanyabiashara, mtawa au mtafiti anayenunua nguo ya gome au chungu hahitaji kusubiri kanuni nyingine ili aulize jina la aliyekitengeneza, kijiji na mwaka, na kuyaandika kabla kitu hakijatoka mikononi mwa mwenyewe.