Mgonjwa wa moyo kutoka Haydom apimwe Ocean Road

Mwaka 2019 watafiti walifuatilia wagonjwa 681 waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi katika idara ya dharura ya hospitali moja ya rufaa mkoani Kilimanjaro. Wagonjwa 152 walikuwa na tatizo la ghafla la mishipa inayolisha moyo. Waliotambuliwa na madaktari waliowahudumia hawakufika 10, na kabla ya siku 30 kwisha zaidi ya wanne kati ya kila 10 walikuwa wamefariki. Ikiwa hayo yalitokea kwenye hospitali ya rufaa, mkulima wa Katesh au Dongobesh, mkoani Manyara, anayebanwa kifua kila apandapo kilima ana haki ya kuuliza nani atamtambua yeye.

Hatua ya kwanza haina fumbo: kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu cha troponini vipatikane katika wilaya za Mbulu na Hanang, na mtu wa kuvisoma awepo. Uwezo upo. Hospitali ya Kilutheri Haydom ya hukohuko Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955, ndiyo iliyoongoza mradi wa kuokoa maisha ya watoto wachanga uliofika hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano, Manyara ukiwemo, na wahudumu walijifunza kupima mapigo ya moyo wa mtoto kwa vifaa vipya.

Hatua ya pili ndiyo isiyosemwa. Mshipa wa moyo unaweza kuonekana mzima kwenye picha, huku misuli ikikosa damu kwa sababu vijishipa vidogo visivyoonekana ndivyo vyenye kasoro. Wagonjwa wa namna hii, wengi wao wanawake, huambiwa hawana kitu. Kamera ya kawaida ya nyuklia husaidia, lakini hulinganisha tu sehemu moja ya moyo na nyingine. Mifereji mitatu ya shamba ikipungukiwa maji kwa pamoja, atakayeilinganisha ataona iko sawa. Mashine ya PET, inayofuatilia dawa ya mionzi mwilini, hutoa namba: mililita ngapi za damu zinafikia kila gramu ya msuli kwa dakika. Moyo mzima uliopumzika hupata takriban mililita moja, na dawa ya kuuchochea ikidungwa kiasi hicho hupanda mara mbili, tatu au zaidi. Kisipofika hata mara mbili, daktari ana jambo la kushughulikia, picha ya mishipa iwe safi kiasi gani.

Kwa kipimo hicho hutumika mara nyingi amonia yenye nitrojeni ya mionzi, inayotengenezwa kwa saiklotroni, mtambo wa kuzalisha dawa za mionzi. Nusu ya nguvu yake hupotea kila baada ya dakika 10. Haisafirishwi kwenda Haydom, na hata foleni ya Dar es Salaam inatosha kuimaliza. Serikali imewekeza katika mradi wa PET na saiklotroni kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015, iko Upanga, si mbali. Kwa kuwa dawa hiyo ya mionzi haiwezi kumfuata mgonjwa, mgonjwa wa moyo ndiye apelekwe kwenye taasisi ya saratani. Hapa ndipo viongozi wa taasisi hizi mbili wanapopaswa kukaa meza moja: watenge siku za moyo kwenye ratiba ya mashine, madaktari wa moyo wasome picha pamoja na wa tiba ya nyuklia, na Tume ya Nguvu za Atomiki isimamie usalama kama inavyofanya kwa wagonjwa wa saratani.

Mgonjwa aliyetoka Hanang ameuza mbuzi au mahindi ili afike Upanga. Akirudishwa nyumbani na karatasi inayosema mishipa ni safi huku kifua bado kinabana, hatakuwa na nauli ya safari ya pili. Kwa hiyo kipimo cha mtiririko wa damu kifanyike katika safari ileile, na utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ukikihesabu kipimo hicho, basi na nauli ya mgonjwa wa rufaa kutoka vijijini ihesabiwe nacho.