Udongo wa bibi hauhamishwi kwa kiroba

Wiki hii tunaweka kando mapenzi na mitindo ya nywele, tunaingia kwenye kopo. Ndiyo, kopo! Lile la rangi ulilolitoboa matundu chini ukapanda pilipili pale barazani.

Ukipita Hamugembe au Kashai, pale Bukoba mjini, utayaona makopo ya namna hiyo, ndoo mbovu na viroba vimepangwa nje ya vyumba vya kupanga. Mchicha, sukuma wiki, vitunguu vya majani, nyanya. Kijana ana chumba kimoja tu, shamba hana, lakini mboga ya jioni hanunui. Hapo nawapigia makofi.

Tatizo huanza msimu wa pili. Mche unatoka mwembamba, majani ya njano, na mwenye kopo anakata shauri: udongo umekufa huu! Anaumwaga mtaroni. Jumamosi huyoo, Maruku kwa bibi. Anachota udongo mweusi chini ya migomba, viroba vitatu, anarudi mjini anachekelea.

Jamani, hapo ndipo penye kesi.

Udongo ule mweusi haukushuka na mvua. Tena mvua ndiyo adui yake. Ukanda ule wa Ziwa Victoria hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na maji mengi kiasi hicho huosha chakula cha mimea na kukizamisha chini, ardhi ikabaki na tindikali. Ukitaka ushahidi, toka kwenye kibanja utembee hadi rweya, kule kwenye nyasi tupu. Mvua ni ile ile, lakini panda mgomba pale uone utakavyokusikitisha.

Tofauti ni mikono ya watu. Kibanja kimelishwa kizazi baada ya kizazi: nyasi zilizokatwa rweya, samadi, maganda ya ndizi, majivu ya jikoni. Enzi za nyumba za msonge, ng'ombe walilala ndani na wenyewe, na samadi yao ikaishia kwenye migomba. Na wazee wenyewe wamezikwa humo humo. Kwa hiyo ukijaza kiroba, mwanangu, umebeba kazi ya babu wa babu yako.

Na siku hizi pengo hilo halizibiki haraka. Ng'ombe wamepungua. Utafiti uliofanyika Bukoba miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kibanja kisicho na ng'ombe hupoteza virutubisho vingi kuliko vinavyoingia. Bibi anadaiwa tayari, nawe unakuja na viroba!

Cha kuchukua Maruku ni mwendo, udongo uache pale pale. Bibi hamwagi udongo uliochoka, anaulisha. Anaulisha kidogo kidogo, kila mara, tena kwa kitu kilichooza.

Hilo neno "kilichooza" ndilo linalowaponza wa mjini. Kijana akisikia udongo unataka mbolea, mbio kwa jirani mwenye kuku wa mayai. Anajaza mbichi nusu kopo, anapanda siku hiyo hiyo. Siku chache tu, kingo za majani zimekauka na kujikunja kama zimepitishwa juu ya jiko.

Mbolea mbichi inachoma kweli, si maneno ya mtaani. Kwanza ina chumvi nyingi, na chumvi ikizidi, mizizi inashindwa kunywa maji hata kama kopo limelowa chepechepe. Pili inatoa amonia, ile hewa inayokuwasha macho ukiingia bandani. Tatu, bado inaoza, na kuoza kuna joto: lundo kubwa la samadi linaweza kupita nyuzi 60. Ya kuku ndiyo kali zaidi.

Sasa tufanyeje? Mwaga udongo wako wa zamani juu ya plastiki. Vunja mabonge, toa mizizi, na uiangalie vizuri hiyo mizizi. Kama ina vifundo, au kama nyanya ilinyauka ghafla ikiwa bado ya kijani, huo una ugonjwa. Usiurudishe kwenye mboga, na chonde chonde usiupeleke kwenye kibanja cha mtu. Huo ndio udongo wa kuaga.

Kama ni mzima, pima. Makopo matatu ya udongo wa zamani, kopo moja la mboji au samadi ya ng'ombe iliyoiva. Ya kuku, hata ikiiva, usizidishe kopo moja kwa makopo kumi ya udongo. Majivu ya kuni, konzi moja kwa ndoo ya lita 20 inatosha kupunguza tindikali. Na usiyachanganye na mbolea mbichi, maana yanaifukuza amonia hewani na naitrojeni yako inakwenda nayo. Maganda ya kahawa na maranda ya fundi seremala usiyachanganye ndani yakiwa mabichi. Yakianza kuoza yanakula naitrojeni ile ile uliyoiwekea mboga, majani yanarudi njano. Yatandaze juu tu, yazuie jua.

Utajuaje mbolea imeiva? Imekuwa nyeusi, inamong'onyoka mkononi, huoni tena nyasi wala kinyesi, inanuka kama msitu baada ya mvua. Ikinuka mkojo, bado. Chomeka kijiti katikati ya lundo, kilaze usiku kucha, asubuhi kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, nenda kanywe chai, hapo hapana mbolea.

Ukishachanganya, nyunyiza maji yapate unyevu tu, funika, weka kivulini wiki mbili au tatu. Najua, subira kwa vijana wa mjini ni dawa chungu! Lakini kipimo cha mwisho ni rahisi: panda maharage kumi kwenye kopo moja. Yakiota manane au zaidi na majani yamenyooka, panda mboga zako. Yakitoka na ncha za kahawia, ongeza wiki mbili. Bora ufe mche wa maharage kuliko miche ishirini ya nyanya.

Na aliyekwisha kuunguza? Usikimbilie kung'oa. Toa mbolea iliyo juu, mwagilia kwa wingi mpaka maji yatoke chini, yamwage, rudia mara mbili tatu. Wenzetu wa Dar es Salaam mnaotumia maji ya kisima ya chumvi, kingeni ya mvua kwa kazi hii, la sivyo mnaongeza chumvi juu ya chumvi.

Baada ya hapo usisubiri tena majani yawe njano. Kila mwezi weka konzi ya mboji juu ya kopo, ifunike kwa nyasi kavu. Hapo utakuwa na kibanja chako, hata kama ni cha barazani na mwenye nyumba anakudai kodi.

Na Jumamosi ukienda Maruku, viroba viache nyumbani. Beba panga, mkatie bibi mizigo miwili ya nyasi rweya, umtandazie kwenye migomba. Ndizi atakupa mwenyewe, wala hutaomba.

Tukutane wiki ijayo. Kwa leo, alamsiki!