Katiba inafundishwa kalasini, lakini inahitajika barabarani: deni la serikali kwa raia wa Kasongo na Kabambare

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari huko Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, wanajitayarisha kwa Exetat. Kati ya mambo ya kukariri kuna elimu ya uraia: taasisi za nchi ni zipi, Rais anachaguliwa kwa miaka mingapi, raia ana haki gani na wajibu gani. Mwenye kukariri vizuri anapata pointi. Lakini anakariri kwa Kifaransa. Akirudi nyumbani, mama yake anayeuza unga sokoni, ao kaka yake anayechimba dhahabu kule Salamabila, mara nyingi hajawahi kuishika Katiba mkononi kwa lugha anayoisema kila siku.

Jambo hili si la shule peke yake. Mwezi wa Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba ataunda tume ya kufikiria Katiba mpya. Tangu hapo watu wanabishana: ibadilishwe, isibadilishwe. Swali linalotangulia yote hayo ni hili: raia atahukumu namna gani maandishi ambayo hajayasoma?

Hakuna kisingizio, lakini kuna deni

Katiba ya sasa ilipigiwa kura ya maoni Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 62 kinasema hakuna mtu anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Maana yake, ukikamatwa, kusema «sikujua» hakukuokoi.

Lakini Katiba hiyohiyo inaiwekea serikali mzigo wake. Kifungu cha 45 kinalazimisha viongozi kuieneza na kuifundisha Katiba. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 baada ya kutangazwa. Kiswahili ni moja ya lugha hizo nne, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Kwa hiyo raia wa Wamaza ao wa Salamabila anayeomba kusomewa sheria kwa Kiswahili haombi zawadi. Anadai deni.

Taasisi nne, na nani anamchunga nani

Kifungu cha 68 kinataja taasisi nne za Jamhuri: Rais, Bunge, Serikali, na mahakama. Mwanafunzi anazitaja haraka haraka. Kinachosahaulika ni sababu ya kuzitenganisha: kila moja inachunga nyingine ili mtu mmoja asishike yote. Bunge la taifa linaweza kuiangusha serikali. Ilitokea Januari 2021, wabunge walipompigia waziri mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba kura ya kukosa imani, naye akaacha kazi. Majaji nao, kwa kifungu cha 149, hawako chini ya amri ya Bunge wala ya Serikali.

Kuhusu uraia, kifungu cha 10 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na wa nchi nyingine. Lakini uraia unahitaji karatasi. Mtoto anapaswa kuandikishwa kwa ofisi ya hali ya raia katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Familia inayokaa porini kwa kukimbia vita inapitisha siku hizo bila kujua, na mtoto anakua bila cheti. Kesho ataulizwa yeye ni wa wapi.

Vifungu vinavyohitajika njiani

Kuna vifungu ambavyo vina kazi kubwa zaidi nje ya kalasi.

Kifungu cha 18: mtu akikamatwa, aambiwe mara moja sababu yake, kwa lugha anayoielewa. Hawezi kuwekwa chini ya ulinzi zaidi ya masaa 48 bila kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya kisheria.

Kifungu cha 174: kodi inawekwa kwa sheria tu. Kifungu cha 65 kinamlazimisha raia alipe kodi, hiyo ni kweli. Lakini mwendesha pikipiki akifika kwenye bariere na kuombwa pesa, ana haki ya kuuliza ni kodi gani na karatasi yake iko wapi.

Kifungu cha 190: hakuna ruhusa ya kuunda jeshi la kibinafsi ao kuwapa vijana silaha. Katika teritware ya Kabambare, ambako kundi la Mai-Mai Malaika limejulikana kwa miaka mingi, kila mzazi anaelewa uzito wa kifungu hicho.

Kifungu cha 27: raia, peke yake ao pamoja na wenzake, anaweza kuandikia kiongozi barua ya madai, na kiongozi anapaswa kujibu katika miezi mitatu. Wala hawezi kushtakiwa kwa sababu ya kuandika. Daraja likianguka, wakaaji wa kijiji wana njia ya kisheria: waandike, waweke sahihi, wabaki na nakala, wahesabu miezi.

Wanaojifunza Katiba ya wengine

Wakongomani wengi wa mashariki waliokimbilia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wamepelekwa kuishi Marekani. Huko, anayetaka kuwa raia anafanya mtihani juu ya serikali ya nchi hiyo. Kwa miaka mingi maswali yalikuwa 100 yanayojulikana mbele: unaulizwa mpaka 10, unapaswa kujibu sawa 6. Orodha hiyo inatolewa bure. Hata mama wa kijijini anajua kueleza kwamba Katiba yao iliandikwa 1787 na kwamba imerekebishwa mara 27. Hii haimaanishi wenzetu wanafuata sheria kuliko sisi. Inaonyesha tu kwamba mtu mzima anaweza kujifunza misingi ya nchi ikiwa maandishi yanamfikia.

Kinachoweza kupotea

Mjadala wa Kinshasa unazunguka mihula ya Rais. Kifungu cha 70 kinaweka miaka mitano, inayorudiwa mara moja tu, na kifungu cha 220 kinakataza kugusa hesabu hiyo. Lakini kifungu cha 220 kinakataza pia kupunguza haki za raia, na mamlaka ya majimbo na ya sekta.

Hapo ndipo Kasongo na Kabambare zinahusika. Kifungu cha 175 kinaliachia jimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwake, ahadi ambayo haijatekelezwa kama ilivyoandikwa. Sheria ya 2008 inataka sekta iwe na washauri waliochaguliwa na wakaaji. Lakini Desemba 2023 kura ya washauri ilifanyika tu katika komine za miji mikuu ya majimbo. Watu wa sekta bado wanangoja.

Mfano wa karibu upo. Januari 2011 Katiba ilirekebishwa na wabunge na maseneta bila kura ya maoni. Kura ya Rais ikawa ya duru moja. Rais akapewa pia uwezo wa kuvunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana ikiwa kuna mgogoro mkubwa wa kisiasa. Kifungu cha 218 kinaruhusu njia hiyo, thuluthi mbili hazihitajiki: inatosha tatu ya tano ya wote wawili wakikutana. Kifungu hicho pia kinawapa raia 100.000 haki ya kupendekeza marekebisho wenyewe.

Anayekataa mabadiliko na anayeyataka, wote wawili wanahitaji kusoma kwanza. Serikali ilipe deni lake: nakala za Kiswahili zifike kwenye shule, ofisi za sekta, makanisa na misikiti. Na wakati nakala hizo zinangojewa, mwanafunzi wa mwaka wa sita anaweza kuanza na kazi ndogo. Jioni afungue daftari lake, awafasirie wazazi kifungu cha 18 na cha 27. Mtihani unapita kwa siku chache. Bariere itakuwa pale hata baada ya mtihani.