Picha na ndimi za watu
Tarehe 10 Machi 2024, kasri la Kensington, London, lilitoa picha ya Kate, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, pamoja na wanawe watatu. Wenye macho makali wakaona mkono wa sweta ya bintiye umekatika pasipopasa. AP na Reuters wakaiondoa. Kesho yake Kate akaomba radhi: naye, kama wapiga picha wengi wasio wa kazi, hujaribu kuzirekebisha.

Uhakiki ule ulikuwa wa haki. Picha ya habari ni shahidi, na shahidi haongezi wala hapunguzi. Lakini ulimi hauna mfupa. Watu wakaiacha picha wakamwandama mwenyewe kwa uzushi. Tarehe 22 akatangaza kuwa anatibiwa saratani.

Ndugu wasomaji, tuzihakiki picha, tujiepushe na dhana.