Dojo siyo ulingo
Jamani wasomaji, mchumba wangu kanipa mtihani. Ana mkanda mweusi wa karate, sasa kaahidiwa pambano la ngumi za kulipwa. Eti tupate hela ya ukumbi! Kila asubuhi, baridi ya Makambako ikikata masikio, anapiga hewa huku akimtaja Hassan Mwakinyo, aliyemtwanga Sam Eggington raundi ya 2 kule Birmingham, 2018. Namjibu: Mwakinyo ni bondia. Conor McGregor, bingwa wa UFC, alisimamishwa na Mayweather raundi ya 10, mwaka 2017. Karate imempa pumzi na nidhamu, sawa. Lakini dojo lao huizuia ngumi kabla haijatua. Ulingoni mwenzio analipwa akuangushe. Basi kwanza miezi sita kwa kocha wa ngumi, azoee kupigwa kwelikweli. Harusi itasubiri. Ubongo hauna spea.