KURASA ZIMEPUNGUA, KAZI HAIKUPUNGUA

Maoni ya Mhariri

Ndugu wanachama na wafanyi kazi wote,

Kila mfanyi kazi wa River Road anayajua majira ya vitabu vya wanafunzi. Ulipofika wakati wa vijana wa mwaka wa mwisho kutoa kazi zao za mradi, barabara hii na vichochoro vyake vyote ilijaa. Walishuka kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, wengine kutoka Chiromo, wengine Kabete na Kikuyu, wengine Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya pale Haile Selassie Avenue. Kila mmoja alikuwa na kazi yake mkononi, naye alitaka ipigwe chapa, ikatwe sawa, igundishwe, ifungwe kwa jalada gumu na kuandikwa jina lake kwa herufi za dhahabu. Mafundi wa kujalidi walilala dukani siku hizo. Watoto wao walinunuliwa viatu kwa fedha za majira hayo.

Sasa mambo yamegeuka. Vyuo vikuu vilikuwa vimekwisha anza kuweka tasnifu katika maktaba za kompyuta, na vilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, masomo mengi yalihamia kwenye mtandao na mengine hayakurudi tena kwenye karatasi. Leo mwanafunzi katika idara nyingi huambiwa apeleke kazi yake kwa njia ya mtandao. Huingia katika mfumo wa chuo kwa namba yake ya usajili na paswadi yake, huweka faili moja, na kazi hiyo hupimwa kwa programu kama Turnitin kuona kama amenakili maneno ya watu wengine. Msimamizi wake huisoma huko huko. Idara nyingine bado zinataka nakala iliyojalidiwa juu ya ile ya mtandao, lakini nakala hizo zimepungua, na kila mwenye macho anaona zinakokwenda.

Chama hiki hakipingi jambo hilo, na tunalisema mwanzo kabisa ili mtu asitusingizie. Wanafunzi hao ni watoto wetu. Baba yuko Kangemi, mama anauza mboga Kawangware, na mtoto yuko chuoni kwa mkopo wa Serikali na michango ya jamaa. Kumtaka mtoto huyo alipe nakala nne za jalada gumu, ambazo zitawekwa katika rafu na kuliwa na vumbi, ni kumtwisha mzigo bure. Tena kazi iliyo katika maktaba ya kompyuta inaweza kusomwa na mtu wa Kisumu au Lamu bila kupanda basi. Hilo ni jema. Mgala muue na haki yake mpe.

Lakini tunauliza swali moja. Kazi iliyokuwa ikifanywa kwa karatasi imekwenda wapi?

Tuseme kitabu kina kurasa 60 na idara inataka nakala 4. Hizo ni kurasa 240 za kupigwa chapa na majalada 4 ya kufungwa. Idara ikisema inataka faili moja tu, hesabu ya kurasa inakuwa sifuri na ya majalada sifuri. Tajiri wa duka akitazama daftari lake jioni anasema, "Leo hamkufanya kazi." Je, ni kweli?

Mtazameni kijana anayehudumia katika saiba. Mwanafunzi ameingia na flashi. Sura ya kwanza aliandika kwa simu, ya pili kwa kompyuta ya rafiki, ya tatu imekuja kwa barua pepe. Mfanyi kazi anaziunganisha. Kurasa za mwanzo zinataka namba za Kirumi na sura zinataka namba za kawaida. Orodha ya yaliyomo haikubaliani na kurasa zenyewe, basi anaipanga upya. Ukurasa wa kiapo umetiwa sahihi kwa kalamu, basi anauskani na kuuingiza mahali pake. Anageuza yote kuwa faili ya PDF. Mfumo unaikataa kwa sababu picha ni nzito, anaipunguza. Anaiweka tena, mtandao unalegea. Anaiweka mara ya tatu, stima inapotea. Mwanafunzi analia, kwa maana mlango wa mfumo unafungwa saa sita ya usiku. Mfanyi kazi anamtuliza, anangoja stima, anaiweka mara ya nne mpaka jibu la kupokewa linatokea. Kisha anapiga chapa jibu hilo, ukurasa mmoja.

Saa nzima imekwisha au zaidi, na katika daftari la tajiri pameandikwa ukurasa mmoja.

Hapo ndipo penye jeraha, ndugu zangu. Katika maduka mengi mfanyi kazi hulipwa sehemu ya fedha za kurasa zilizotoka katika mashini. Desturi hiyo ilianza wakati kazi yote ilikuwa ni kurasa. Kazi imehama, desturi ya malipo haikuhama. Mashini imepumzika na mtu anafanya kazi zaidi kuliko zamani, akili yake na macho yake, mpaka usiku wa manane, halafu anatafuta matatu ya Kangemi kwa nauli ya usiku. Chuo kimeokoa karatasi na nafasi ya rafu. Tajiri ameokoa wino. Mwanafunzi ameokoa fedha za jalada. Aliyebeba mizigo ya hao wote ni kijana wa saiba, na yeye ndiye ambaye mshahara wake umeshuka.

Kwa hiyo tunasema malipo yahesabiwe kwa kazi inayofanywa, na kazi ya sasa ni muda na maarifa. Kupanga kitabu kiwe na bei yake, na kukiweka katika mfumo kuwe na bei yake. Bei hizo ziandikwe kwa herufi kubwa ukutani, ili mwanafunzi asiumizwe saa tano ya usiku kwa sababu amebanwa. Mtu anayempandishia mtoto wa maskini bei kwa kuwa mlango unafungwa si mwenzetu. Na sehemu ya mfanyi kazi katika bei hizo ijulikane, tena iandikwe katika mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Inataka pia mfanyi kazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Majira ya wanafunzi hayafuti sheria hiyo.

Sasa tuwageukie mafundi wa kujalidi. Ndugu hawa wana ufundi wa mikono ambao haukupatikana kwa siku moja. Tumesikia matajiri wengine wakiwaambia, "Kazi imekwisha, kesho usije." Fundi anachukua kofia yake anakwenda nyumbani, akidhani ndiyo sheria. Hiyo siyo sheria! Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinasema wazi. Kazi ikipungua na tajiri akitaka kupunguza watu, lazima ajulishe chama cha wafanyi kazi na afisa wa kazi wa mahali hapo angalau mwezi mmoja mbele, aeleze sababu na idadi ya watu. Asiyekuwa mwanachama lazima aandikiwe yeye mwenyewe, na afisa wa kazi naye ajulishwe. Kuchagua nani aondoke kufuate muda aliotumika, ufundi, uwezo na uaminifu wake, wala si chuki. Alipwe likizo yake iliyobaki kwa fedha, apewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, na alipwe siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Fundi aliyekaa dukani miaka 8 ana haki ya mshahara wa siku 120 juu ya hayo mengine. Zikateni hesabu hizi na kuzibandika mahali mtakapoziona.

Tena kabla ya kufukuza, tajiri amfundishe fundi. Mtu aliyejua kupanga kurasa kwa mikono hashindwi kuzipanga kwa kompyuta, akipewa mwezi na mtu wa kumwonyesha. Kazi ya chapa imepita katika mambo haya zamani. Wapanga herufi za risasi waliona ofseti ikija. Wapiga taipu waliona kompyuta ikija. Waliofundishwa walivuka. Walioachwa peke yao walizama.

Liko jambo jingine, nalo ni la aibu, lakini gazeti la wafanyi kazi lisiposema nani atasema? Pato la halali likipungua, pato la haramu linabisha hodi. Mwanafunzi anamwambia kijana wa saiba, "Niandikie yote, sura tano, nitakulipa." Wengine katika mji huu wamefanya kazi hiyo kwa wanafunzi wa Marekani na Uingereza, mpaka mwaka 2022 Uingereza ikatunga sheria ya kukataza biashara hiyo katika England, na mwaka 2024 ikatolewa filamu, The Shadow Scholars, juu ya vijana wa Kenya wanaoifanya. Vijana hao wana akili kubwa. Wanaandika kazi inayompa mtu mwingine shahada, na wao wenyewe wanabaki bila kazi ya mshahara. Hiyo ni biashara ya kuuza ubongo wako kwa bei ya muhogo.

Na jina la barabara yetu mnajua linavyotumiwa. Mtu mwenye cheti cha kughushi akikamatwa, watu husema, "Alikinunua River Road." Mwezi wa Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi katika ofisi za umma umekuta watu zaidi ya 2,000 wenye vyeti vya kughushi. Kila mmoja wao alikalia kiti cha mtoto wa mfanyi kazi aliyesoma kwa jasho. Walioghushi ni wachache, lakini aibu imewapaka maelfu wanaofungua maduka yao asubuhi na kufanya kazi safi. Tunasema kwa kila mwanachama: panga kitabu cha mwanafunzi, kisahihishe kurasa, kiweke katika mfumo. Usimwandikie. Paswadi yake usiiweke katika daftari lako, wala kazi yake usimpe mwingine anakili. Mtu anayedai mshahara wa fundi lazima awe na heshima ya fundi.

Vijana wengine watasema, "Sisi wa saiba tuko watu wawili katika duka, chama kitatusaidia nini?" Kumbukeni kwamba mtu mmoja aliyejenga vyama vya wafanyi kazi katika nchi hii alitoka katika kazi ya chapa. Makhan Singh alifanya kazi katika matbaa ya baba yake hapa Nairobi. Mwaka 1935 akawa katibu wa chama kilichokuja kuitwa Labour Trade Union of Kenya, na mwaka 1949 yeye na Fred Kubai walikusanya vyama vya Waafrika na Wahindi kuwa mwili mmoja. Walipokamatwa mwezi wa Mei 1950 wafanyi kazi wa Nairobi waligoma. Serikali ya kikoloni ilimfunga Makhan Singh kizuizini mpaka mwaka 1961. Wafanyi kazi wa siku zile nao walitawanyika katika maduka madogo madogo, wawili hapa, watatu pale, na tena walitengwa kwa rangi. Waliungana. Sisi leo Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inatupa haki ya kuingia katika chama na ya kugoma. Tuna udhuru gani?

Basi haya ndiyo madai yetu:

1. Malipo ya saiba na maduka ya chapa yahesabiwe kwa kazi na saa, yasiwe kwa kurasa peke yake.

2. Bei ya kupanga kitabu na kukiweka katika mfumo wa chuo iandikwe ukutani, na isipande siku ya mwisho.

3. Fundi yeyote wa kujalidi asiondolewe bila kufuata kifungu cha 40, na kwanza afundishwe kazi mpya.

4. Usiku wa majira ya wanafunzi ulipwe kama saa za ziada, pamoja na nauli ya kurudi nyumbani.

5. Vyuo vikuu visifunge mifumo yao usiku wa manane. Vifunge saa kumi ya jioni, wakati karani wa chuo yuko mezani kwake kumsaidia mwanafunzi aliyekwama.

6. Mwanachama atakayeandika kazi ya mwanafunzi kwa fedha au kughushi cheti, chama kisimtetee.

Dai la tano ni dogo, lakini halimgharimu mtu senti moja, na linaweza kuwapa vijana wetu usingizi na wanafunzi amani.

Kila mwanachama amsomee jirani yake barua hii, kisha amlete ofisini. Mtu mmoja akimwambia tajiri maneno haya, ataambiwa kesho asije. Maduka yote kutoka mwanzo wa River Road mpaka mwisho wake yakisema siku moja, tajiri atavuta kiti na kuketi tuzungumze. Kidole kimoja hakivunji chawa.

UMOJA NI NGUVU.